Je, wajua kwa nini paja hubaki jembamba miaka mingi baada ya goti kupona?

Mtu aliyekatika kano ya goti uwanjani miaka mitano iliyopita anaweza leo kutembea bila kuchechemea, kudandia daladala na hata kukimbia mvua, lakini akikaa kitako akanyoosha miguu yote miwili mbele yake, mara nyingi ataona kwamba paja la mguu ulioumia ni jembamba kuliko la pili. Akichukua futi ya fundi cherehani na kuzungusha kila paja, shibiri moja juu ya pia ya goti, tofauti hiyo itaonekana wazi. Wengi hujilaumu kwamba ni uvivu wao, na lawama hiyo haiwastahili. Msuli huo ulizuiwa kufanya kazi, na aliyeuzuia ni mfumo wa neva wa mwili wenyewe.

Katikati ya goti kuna kano mbili zinazopishana kama msalaba. Ile ya mbele, ambayo madaktari na wachezaji huiita kwa kifupi ACL, huuzuia mfupa wa muundi usiteleze kwenda mbele, na aghalabu hukatika mchezaji anapogeuka ghafla au anapotua vibaya, pasipo kuguswa na mtu yeyote. Ndani ya kano hiyo mna ncha za neva ambazo huupasha uti wa mgongo na ubongo habari za mkao na mwendo wa goti. Kano inapokatika, habari hizo hupungua na goti hujaa majimaji. Hapo uti wa mgongo hupunguza amri zinazopelekwa kwenye misuli ya mbele ya paja, hata kama misuli yenyewe haikujeruhiwa hata kidogo.

Kinachoshangaza ni uchache wa majimaji yanayotosha kuleta athari hiyo. Katika majaribio yaliyochapishwa mwaka 1984, watafiti waliingiza maji ya chumvi katika magoti yasiyo na jeraha, wakaona kwamba mililita 20 hadi 30, yaani kama vijiko viwili vya chakula, zilitosha kuudhoofisha msuli wa ndani wa paja ulio karibu na pia ya goti, ingawa hapakuwa na kano iliyokatika. Ndiyo maana mtu anayefanya mazoezi juu ya goti lililovimba hutoka jasho jingi na kupata faida ndogo.

Uvimbe ukiisha, kizuizi hakiondoki chote, kwa sababu mwili umekwisha kujifunza njia za kukwepa. Akiinuka kitini, mtu huegemea mguu mzima. Akishuka ngazi, hutanguliza ule ulioumia ili mzima ndio ubebe uzito. Kutembea nako hakumrudishii nguvu, maana hatua ya kawaida hutumia sehemu ndogo tu ya uwezo wa paja. Upasuaji pia hautoshi peke yake, kwani kano mpya, ambayo mara nyingi huchukuliwa nyuma ya paja au chini ya pia ya goti, haiji na mawasiliano ya neva yaliyopotea. Huko Uswidi, utafiti uliochapishwa mwaka 2010 uliwafuatilia vijana 121 waliokatika kano hiyo: kundi moja lilipasuliwa mapema na kufanya mazoezi, na kundi la pili, la watu 59, lilianza na mazoezi, kila mmoja akiwa huru kupasuliwa baadaye akihitaji. Baada ya miaka miwili matokeo ya makundi hayo hayakutofautiana, na katika lile la pili watu 36 hawakuwa wamefanyiwa upasuaji wa kurudishia kano.

Kwa jeraha la zamani, kazi huanza kwa kuuamsha msuli. Kaa mkekani, weka taulo lililokunjwa chini ya goti, kisha ulikandamize chini kwa sekunde tano huku ukitazama nyama iliyo juu ya pia ya goti, upande wa ndani. Isipokaza, goti bado halijawa tayari kubeba mzigo mkubwa. Ikikaza vizuri, endelea kwa kuinuka kitini taratibu, baadaye kwa mguu mmoja, kisha kushuka kidato kifupi ukiubeba mwili kwa mguu ulioumia. Mzigo uongezwe kidogo kidogo hadi marudio ya mwisho kati ya 8 na 12 yawe magumu kweli, mara mbili au tatu kwa wiki, kwa miezi kadhaa. Hapa ndipo wengi hukosea, kwa maoni yangu: hurudia zoezi lile lile jepesi mwaka mzima, na msuli usiosukumwa haukui.

Maumivu madogo wakati wa zoezi si hatari, ila goti likiamka limevimba asubuhi inayofuata, mzigo ulizidi na upunguzwe. Goti linalokwama lisinyooke, au linaloendelea kuteguka katika mwendo wa kawaida, lionwe na daktari kabla ya zoezi lolote. Kwa anayetaka kurudi kwenye soka baada ya upasuaji, kipimo kinachotumiwa sana ni mguu ulioumia kufikia angalau asilimia 90 ya nguvu za mwenzake, na isiwe kabla ya miezi tisa.