Tone la bomba na ndoo ya mwisho wa siku

Katika miji midogo ya Mtwara, Newala ikiwemo, wengi wetu tumezoea kuamini kwamba bomba linalodondosha tone mojamoja halipotezi maji ya kuhesabika. Imani hiyo inaeleweka, kwa kuwa tone lenyewe halijazi hata kijiko.

Kinachosahaulika ni kwamba bomba halilali. Likijaza ndoo moja ya lita 20 kwa siku, kwa siku 30 zimekwenda lita 600, yaani zaidi ya nusu ya uniti moja ya mita ya maji (uniti moja ni lita 1,000). Tena Newala iko juu ya Uwanda wa Makonde, ambako maji husukumwa kwa pampu kutoka bondeni, hivyo kila ndoo inayomwagika imekwisha kugharimiwa nishati ya kuipandisha.

Kuhakiki ni rahisi. Usiku, tanki likiwa limejaa (tanki lenye boya ambalo halijajaa huendelea kuvuta maji, likakudanganya), funga mabomba yote, andika tarakimu zote za mita, hata zile nyekundu, kisha uzisome tena alfajiri kabla mtu yeyote hajanawa. Zikiwa zimesogea, kuna panapovuja upande wako wa mita. Mara nyingi ni washa iliyolika, yaani kipande cha mpira kilicho ndani ya bomba, kidogo kama sarafu, au boya la tanki la choo. Bomba likivuja kabla ya kufika kwenye mita, mita haitaonyesha chochote, na ndiyo sababu ardhi iliyolowa kando ya njia katikati ya kiangazi inastahili kutolewa taarifa siku hiyohiyo.