Elimu kwa Umma: Kamongo wa Tangini Harudishwi Ziwani

Miezi ya karibuni ofisi yetu ya uvuvi imepokea maswali na malalamiko mengi kuhusu samaki wa Ziwa Victoria wanaofugwa kwenye matangi ya kioo majumbani, hasa kamongo, yule samaki mrefu mwenye mapafu, na kambare. Wengi wanaofanya hivyo hapa Nyamagana na Ilemela, jijini Mwanza, hawana nia mbaya. Ni watu wanaolipenda ziwa lao, wakaona heri samaki wa kwetu kuliko wa kuagiza. Hilo tunaliheshimu. Tatizo ni mahali samaki huyo anapotoka na, zaidi ya hapo, mahali anapopelekwa akishamshinda mfugaji.

Na asiyejipanga, samaki atamshinda. Kamongo unayemnunua akiwa na urefu wa rula anaweza kufika mita moja na nusu na kupita. Kambare naye huvuka mita moja. Wote hula nyama, na samaki yeyote anayeenea mdomoni mwao ataliwa, hata yule furu, samaki mdogo wa ziwani mwenye rangi nzuri, uliyemweka pembeni awe pambo. Kamongo ana mabamba magumu ya meno ya kuvunjia magamba ya konokono, na hayachagui kati ya konokono na kidole. Mlishe kwa koleo ndefu. Mtoto asiachwe kutia mkono tangini.

Jambo ambalo watu hawalijui, na linaua samaki wengi, ni hewa. Kamongo mkubwa anaishi kwa mapafu. Matamvua peke yake hayamtoshi. Ukikaa karibu na tangi utamwona anapanda polepole, anatoa pua juu ya maji, anafungua kinywa na kumeza hewa kwa mlio unaosikika, kisha anashuka huku mapezi yake membamba kama nyuzi yakiyumba nyuma. Sasa mtu ananunua kamongo kwenye soko la samaki la Mwaloni Kirumba, anajaza ndoo maji hadi juu, anabana mfuniko, anapanda daladala ya Buhongwa. Akifika samaki amekufa, na lawama zinamwendea muuzaji. Muuzaji hana kosa: samaki amekosa hewa. Robo ndoo ya maji inatosha, na mfuniko utobolewe. Tangini vilevile, acha nafasi kati ya maji na mfuniko, lakini mfuniko wenyewe uwe mzito, kwa sababu kambare hutoka usiku na kutambaa sakafuni.

Maji ya bomba ya MWAUWASA, mamlaka ya maji ya Mwanza, yana klorini. Yaache kwenye chombo kilicho wazi saa 24 kabla ya kuyatumia. Tafadhali msichote maji ya ziwa kando ya ufuo, wala kuingia kwenye matete kuokota konokono wa kumlisha kamongo. Kichocho kinaenezwa na konokono wa maji hayohayo, na vimelea vinapenya kwenye ngozi bila mtu kuhisi. Dagaa wabichi wanatosha.

Kuhusu sheria. Wapo wanaodhani Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003 ni ya wenye mitumbwi na wenye viwanda vya minofu. Siyo. Inahusu samaki, na samaki wako ni samaki. Anayevua kwa biashara awe na leseni ya uvuvi. Anayenunua na kuuza awe na leseni ya shughuli hiyo, maana leseni moja haibebi nyingine. Na samaki wanaosafirishwa kibiashara kutoka eneo moja kwenda jingine wawe na kibali. Utaratibu unaanzia kwa afisa uvuvi wa halmashauri yako. Anapokea maombi, anakagua, unapewa namba ya kumbukumbu ya malipo, unalipa benki au kwa simu, unarudi na stakabadhi. Usimpe mtu fedha mkononi, hata akiwa amevaa sare. Ukikutwa na kosa unaweza kufikishwa mahakamani, ambako adhabu ni faini, kifungo au vyote viwili, na mali iliyotumika kutendea kosa inaweza kutaifishwa. Sheria pia inaruhusu kosa kufifilishwa: unakiri kwa maandishi, unalipa kiasi utakachopangiwa, unapewa stakabadhi, na shauri linaishia hapo. Hiyo si rushwa, kama baadhi yenu mnavyosema. Ni utaratibu uliomo ndani ya sheria.

Usinunue samaki aliyevuliwa kwa kokoro (wavu wa kukokota) au chandarua cha mbu. Zana hizo ni haramu, na ndizo zinazokomba vichanga kwenye mazalia. Kamongo dume hulinda kiota kwenye matete. Akiondolewa, watoto wote wanabaki chakula cha wengine. Sangara wadogo nao hawafugwi sebuleni. Huyo si wa asili ya ziwa hili, alipandikizwa miaka ya 1950, na kiwango cha chini cha kumvua ni sentimita 50. Kwa sato ni sentimita 25. Anayekuuzia sangara wa kiganja kwa ajili ya tangi anakuuzia kosa.

Hoja tunayoisikia kila wiki ni hii: "Kamongo ni wa ziwani, nikimrudisha kuna ubaya gani?" Ubaya upo, na tumeshaueleza mara nyingi. Samaki aliyekaa tangini amekunywa maji na kula chakula pamoja na samaki wa mapambo kutoka nje, na anaweza kubeba vimelea na magonjwa ambayo ziwa halijayazoea. Tena si kila kambare anayeuzwa Mwanza ametoka ziwani; wapo wa kuzalishwa kwenye mabwawa ya wafugaji. Kuingiza samaki hai kwenye maji ya asili bila kibali cha Mkurugenzi wa Uvuvi ni kosa, na Mto Mirongo unaopita jijini Mwanza ni maji ya asili, hata kama kwenu ni mtaro tu. Gugu maji nalo liliingia Afrika kama ua la mapambo. Sangara aliletwa kwa nia njema, na kufikia miaka ya 1980 aina nyingi za furu zilikuwa zimetoweka.

Akikushinda, mpe mfugaji mwenye nafasi, au mle, mradi hajawekewa dawa. Akifa kwa ugonjwa, mfukie mbali na maji. Maji ya tangi yamwagwe kwenye udongo, yasiende mtaroni, na mimea ya tangini ikaushwe juani kabla ya kutupwa. Kama huna uhakika ni samaki gani unaye, njoo kwa afisa uvuvi na picha yake kwenye simu. Samaki mwenyewe abaki nyumbani.