Nuru Unayoiona Ukiwa Umefumba Macho

Swali la nuru inayoonekana katika taamuli, kule kukaa kimya kutuliza akili, haliulizwi mbele za watu. Darasa langu la yoga likishakwisha na wenzake wamekunja mikeka, mmoja hubaki nyuma kama anayetafuta viatu, kisha anasogea: "Mwalimu, leo nimeona kitu." Wiki mbili zilizopita alikuwa mama wa makamo, mwaka wake wa pili kwangu. Ameona nuru ya samawati katikati ya nyusi, ndogo kama punje ya mtama, ikapanuka taratibu, ikazimika. Alitaka kujua kama amefika.

Kabla ya mambo ya roho, mimi huanza na jicho. Jicho lililofumbwa halilali. Linaendelea kupeleka ishara kwenye ubongo, na ubongo ukikosa cha kutazama hutengeneza wenyewe mawimbi, vidoa na rangi. Ukikaza kope au ukisugua macho, utaona zaidi. Mwanasayansi Purkinje wa Bohemia aliyaandika haya tangu 1819 kwa kujichunguza mwenyewe. Sehemu kubwa ya mnayoniletea kutoka dakika za mwanzo za taamuli ni hayo, wala si aibu.

Lakini mimweko ya ghafla inayokujia hata ukiwa unapika, vidoa vyeusi vingi vinavyoelea, au kitu kama pazia kinachofunika upande mmoja wa jicho, hayo nenda nayo hospitali siku hiyohiyo. Retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, inaweza kuwa inabanduka. Mwanafunzi wangu mmoja alikaa nayo siku kadhaa akiamini jicho la tatu, lile la kiroho, linafunguka, na mimi niliposimuliwa sikumuuliza vya kutosha. Tangu hapo nauliza kila mara.

Sasa maana yake. Watu wengi huja na jedwali la rangi walilolikuta mtandaoni: zambarau maana yake hivi, kijani maana yake vile. Naomba mliweke kando. Ule mpangilio wa chakra, vituo vya nguvu mwilini, kama rangi za upinde wa mvua ni wa karne ya 20. Katika Shat-chakra-nirupana, andiko la Purnananda wa Bengal la mwaka 1577, ajna, kile kituo cha katikati ya nyusi, ni nyeupe kama mwezi. Rangi uliyoiona haikupi cheo.

Andiko ninalolirudia zaidi ni la kale kuliko hilo, Shvetashvatara Upanishad, moja ya maandiko matakatifu ya Kihindu. Katika sura yake ya pili linataja yanayomtokea mtu anayefanya yoga: ukungu, moshi, jua, upepo, moto, vimulimuli, umeme wa radi, fuwele, mwezi. Kisha linasema haya yote hutangulia kudhihirika kwa Brahman, uhalisi mkuu ulio nyuma ya vyote. Neno zito hapo ni "hutangulia". Mwenye kusafiri usiku akiona taa za mji kwa mbali anajua yuko njiani, lakini hashuki kwenye gari.

Patanjali naye, mwalimu wa kale wa yoga, katika sutra zake, yaani semi fupi, anaishika nuru kwa mkono mmoja, na kwa mwingine anaizuia. Katika sura ya kwanza anaikubali kama nguzo ya kutuliza akili. Katika sura ya tatu anasema anayeelekeza akili kwenye nuru ya kichwani huwaona waliokamilika, halafu sutra chache mbele anaonya kwamba uwezo wa namna hii ni kikwazo kwa samadhi, ule utulivu kamili wa akili. Ndiyo sababu siwapongezi wanaoona, wala siwahurumii wasioona. Nina wanafunzi wa miaka mingi ambao hawajawahi kuona hata cheche, na utulivu wao nautamani.

Ile sutra ya sura ya kwanza ina maneno mawili ya Kisanskriti yaliyofungwa pamoja: vishoka na jyotishmati. La pili natafsiri "yenye nuru", si "yenye mwanga", kwa maana ile tunayosema mtu ana nuru usoni. La kwanza ni "isiyo na huzuni". Mimi naona uzito wote uko kwenye hilo la kwanza. Anayeniambia ameona nuru namuuliza huzuni yake imekuwaje.

Ukitaka kuyaona haya kwa karibu, fanya trataka, zoezi la kukazia macho lililoandikwa na Svatmarama katika kitabu chake cha yoga, Hatha Yoga Pradipika, karne ya 15. Mwenye glakoma au kifafa simpi. Zima feni, funga dirisha, weka mshumaa umbali wa mkono ulionyooshwa, mwali usawa wa macho. Tazama pale utambi unapokutana na moto, usipepese, mpaka machozi yatoke. Fumba macho. Mwali utabaki umegeuka rangi, unaelea. Ukiukimbiza kwa macho, nao unakimbia. Ukiacha kuukimbiza, unatulia mbele yako, kisha unafifia. Bhagavad Gita, andiko jingine la Kihindu, sura ya 6, inamfananisha yogi, mwenye kufanya yoga, na taa isiyotikisika mahali pasipo upepo. Unachokiona baada ya kufumba ni kazi ya jicho, sawa, lakini kule kuacha kuukimbiza ndiko yoga yenyewe.

Yule mama nilimuuliza swali langu. Akanyamaza, akainamia viatu vyake. Kisha akasema tangu walipomzika mama yake, hiyo ndiyo mara ya kwanza kukaa nusu saa nzima bila kulia. Ile nuru hakuitaja tena. Nilimwambia asiifuate, ikija aiache ije, ikiondoka aiache iende, arudi kwenye pumzi.

Alhamisi alikuja mapema, akatandika mkeka wake karibu na dirisha. Sikumuuliza kama ameiona.