Je, Wajua Kwa Nini Timu ya NFL Huweka Wakimbiaji Watatu au Wanne kwa Nafasi ya Mtu Mmoja?

Anayetazama mpira wa Kimarekani kwa mara ya kwanza huona kwamba, katika sehemu kubwa ya mchezo, mkimbiaji mmoja tu ndiye anayesimama karibu na kotabeki akisubiri kukabidhiwa mpira. Hata hivyo, kila mwisho wa Agosti, klabu za ligi ya NFL zinapopunguza vikosi vyake kutoka wachezaji 90 wa kambi ya mazoezi hadi 53 wa msimu, nyingi hubakiza wakimbiaji watatu au wanne, na wengine huwaweka pembeni katika kikosi cha mazoezi. Kila nafasi katika hizo 53 hugombewa kwa jasho, kwa hiyo ni haki kuuliza kwa nini nafasi ya mtu mmoja ipewe watu wote hao. Jibu la haraka ni majeruhi, nalo ni la kweli, ila halimalizi swali. Yaliyoipata Baltimore Ravens, mojawapo ya klabu hizo, mwaka 2021 yanaonyesha sababu nyingine zilizojificha nyuma yake.

Mchezo wenyewe huchezwa na watu 11 kila upande, na timu yenye mpira hupewa majaribio manne ya kusogea yadi 10, yaani mita 9 na kidogo. Ikifaulu hupewa manne mengine, ikishindwa mpira huenda kwa wapinzani. Kotabeki, ambaye ndiye kiongozi wa mashambulizi, ana njia mbili kuu: kuurusha mpira kwa mwenzake aliye mbele, au kumkabidhi mkimbiaji ili apenye katika ukuta wa wanaume ambao wengi wao wana uzito unaopita kilo 130. Mfuatiliaji wa raga atadhani anaufahamu mwendo huo, lakini katika raga mpira hupita mikononi mwa watu wengi, ilhali hapa mtu mmoja anaweza kuubeba mara 20 katika mechi moja, na karibu kila safari huishia kwa kuangushwa na mpinzani mmoja au zaidi. Magoti, vifundo vya miguu na misuli ya paja ndivyo hulipa gharama hiyo. Msimu wa 2021, ambao ulikuwa wa kwanza kuwa na mechi 17 badala ya 16, uliiongeza kidogo.

Kukimbia, hata hivyo, ni sehemu moja tu ya kazi. Kotabeki anapotaka kurusha mpira, mara nyingi mkimbiaji hubaki nyuma kumlinda, na katika muda wa sekunde moja au mbili hulazimika kutambua ni mpinzani yupi kati ya wanaokuja kwa kasi ambaye hakuna mtu wa kumzuia, kisha amkabili, hata kama mpinzani huyo ni mkubwa kuliko yeye. Kosa moja hapo linaweza kumwondoa uwanjani kotabeki ambaye timu nzima imejengwa juu yake. Ndiyo maana chipukizi mwenye mbio za ajabu huweza kukaa benchi wiki kadhaa huku mkongwe aliyepungukiwa kasi akichezeshwa: kocha anamwamini mkongwe kwa yale anayoyafanya asipokuwa na mpira. Aidha, siku ya mechi si wachezaji wote 53 wanaovaa jezi. Wanaoruhusiwa ni 48 kwa kiwango cha juu. Mkimbiaji wa tatu asiyejua kazi za vikosi maalumu, kama vile kumfukuza na kumwangusha mpinzani anayerudisha mpira uliopigwa kwa mguu, huwa mzigo, kwa sababu huenda mechi nzima isimwite hata mara moja. Kwa hiyo kina cha nafasi hii hakipimwi kwa kuhesabu majina. Hupimwa kwa kuuliza ni kazi ngapi zitabaki bila mtu iwapo mmoja ataondoka.

Kwa kipimo hicho, Ravens walionekana matajiri kabla ya msimu wa 2021. Chini ya kocha mkuu John Harbaugh na mratibu wake wa mashambulizi Greg Roman, walikuwa wamekimbia yadi 3,296 mwaka 2019, rekodi ya NFL kwa msimu mmoja, na yadi 3,071 mwaka 2020. Hakuna timu nyingine iliyokuwa imewahi kuvuka yadi 3,000 misimu miwili mfululizo. Kotabeki wao, Lamar Jackson, alikuwa mkimbiaji hatari kwa nafsi yake, kwani mwaka 2019 peke yake alikimbia yadi 1,206. J.K. Dobbins, aliyetoka Chuo Kikuu cha Ohio State, alikuwa amepata wastani wa yadi 6 kwa kila alipobeba mpira katika msimu wake wa kwanza. Gus Edwards, ambaye hakuna klabu iliyomchagua mwaka 2018 katika zoezi la kila mwaka la kuchagua wachezaji wanaotoka vyuoni, alikuwa amevuka yadi 700 katika kila mmoja wa misimu yake mitatu. Justice Hill alishika nafasi ya tatu pamoja na kazi za vikosi maalumu. Klabu ilijiamini kiasi cha kumwachia mkongwe Mark Ingram aondoke mwezi Januari.

Tarehe 28 Agosti, katika mechi ya mwisho ya kujipima nguvu dhidi ya Washington, Dobbins alipokea pasi fupi mwanzoni mwa mchezo, akapigwa mguuni na goti likaharibika kwa msimu mzima. Ravens walishinda 37 kwa 3 na kuweka rekodi ya ushindi 20 mfululizo katika mechi za maandalizi, rekodi ambayo sidhani kama kuna mtu klabuni asingeitoa ili goti lile lirudi. Siku chache baadaye Hill akaumia kano ya kisigino mazoezini. Kisha tarehe 9 Septemba, siku nne kabla ya mechi ya kwanza, Edwards naye akaumia goti mazoezini. Katika muda usiofika wiki mbili, watatu wa kwanza walikuwa wameondoka, na aliyebaki ni Ty'Son Williams, ambaye hakuwa amewahi kubeba mpira katika mechi ya msimu wa NFL.

Hapo ndipo panapoonekana jambo ambalo mashabiki wengi hulisahau. Katika kambi kulikuwa na mkimbiaji mwingine, Nate McCrary, aliyefanya vizuri katika mechi za maandalizi, lakini alikatwa siku ya kufunga orodha kwa sababu nafasi zilikuwa zimejaa. Mchezaji mchanga anayekatwa hupitia kwanza mikononi mwa klabu nyingine zote, ambazo zina haki ya kumdai kabla hajarudishwa katika kikosi cha mazoezi, na Denver Broncos wakamdai. Klabu inayomkata mkimbiaji wake wa nne haina hakika ya kumpata tena wiki ijayo, na hofu hiyo ni sababu kubwa ya makocha kubakiza mtu ambaye huenda asicheze hata dakika moja mwezi wa Septemba.

Ravens wakaenda sokoni kuwatafuta wakongwe wasio na timu: Le'Veon Bell, Devonta Freeman na Latavius Murray, wote waliokuwa wamewahi kuwa wakimbiaji wakuu mahali pengine, na wote wakasajiliwa ndani ya siku chache kabla ya mechi ya kwanza. Uwezekano wa kupata watu wenye majina kama hayo katika wiki ya mwisho unaeleza mengi kuhusu soko la nafasi hii. Kwa kuwa wakimbiaji huchakaa mapema na ligi ina kikomo cha mishahara, ambacho mwaka huo kilikuwa dola milioni 182.5 kwa kila klabu, klabu nyingi hupendelea kijana wa bei nafuu kuliko mkongwe wa bei ya juu, na wakongwe hubaki wakingoja simu.

Je, walifaa? Mtu akitazama jedwali la mwisho wa msimu atasema ndiyo, kwa maana Ravens walimaliza wa tatu katika ligi nzima kwa yadi za kukimbia, wakiwa na yadi 2,479. Binafsi naona jedwali hilo linadanganya. Aliyekimbia zaidi katika timu alikuwa kotabeki Jackson, mwenye yadi 767 katika mechi 12. Mwaka 2020 Dobbins alibeba mpira mara 134 na kupata yadi 805. Mwaka 2021 Freeman aliubeba mara 133, karibu sawa kabisa, akapata yadi 576. Murray alipata 501, na Bell aliachwa mwezi Novemba. Wakongwe waliijua kazi, waliufuata mpango na hawakuiaibisha timu, lakini zile mbio ndefu zinazogeuza mechi kwa jaribio moja zilipungua sana. Dalili ilijitokeza mapema: tarehe 3 Oktoba huko Denver, timu ilikuwa imekimbia yadi 97 zikiwa zimebaki sekunde tatu, nayo ilikuwa imevuka yadi 100 katika mechi 42 zilizotangulia. Badala ya kupiga goti akiwa na mpira, jambo ambalo humaliza jaribio bila hatari, na kumaliza mchezo waliokuwa wakiuongoza 23 kwa 7, Jackson alikimbia yadi 5 ili kuifikia rekodi ya mechi 43 iliyowekwa na Pittsburgh Steelers kati ya 1974 na 1977. Wiki iliyofuata waliishia yadi 86, na mfululizo ukakatika.

Haitakuwa haki kuwabebesha wakimbiaji lawama zote za msimu huo, ambao Ravens waliumaliza kwa ushindi 8 na vipigo 9 baada ya kupoteza mechi sita za mwisho. Ronnie Stanley, mlinzi wa kushoto ambaye kazi yake ni kumfungulia mkimbiaji njia na kumkinga kotabeki, alicheza mechi moja tu, na Jackson mwenyewe aliumia kifundo cha mguu mwezi Desemba. Mkimbiaji hutegemea walio mbele yake kuliko takwimu zake zinavyokiri, na ukuta unapobomoka, kuwa na watu watano wa kubeba mpira hakusaidii sana.

Kabla ya msimu wa 2022 klabu ilijipanga kwa tahadhari zaidi. Magoti ya Dobbins na Edwards yalikuwa bado yanapona, hivyo Mike Davis akasajiliwa mwezi Mei, Tyler Badie akachaguliwa kutoka chuo katika raundi ya sita, na Kenyan Drake akachukuliwa mwishoni kabisa mwa Agosti. Drake, mtu wa dakika za mwisho, alikimbia yadi 119 dhidi ya New York Giants tarehe 16 Oktoba. Badie alikatwa siku ya kufunga orodha, akarudishwa katika kikosi cha mazoezi na kukaa huko karibu msimu mzima, kisha mwezi Desemba klabu nyingine ikatumia haki yake ya kumchukua ili kumweka katika wachezaji wake 53. Klabu hiyo ilikuwa Denver Broncos.