Njiti huyu haumwi, sindano za nini?

Bibi mmoja alinisubiri mlangoni mwa wodi ya watoto wachanga hapa Moshi, chupa ya mtori mkononi. Nikamwamkia. "Marahaba, mwanangu. Mjukuu wangu haumwi wala hana homa, mbona mnamchoma antibayotiki?"

Mjukuu ni njiti wa wiki 30. Chupa ya uzazi ya mama yake ilipasuka siku mbili kabla ya kujifungua.

Kingamwili za mama, yaani protini za damu zinazopambana na vijidudu, humfikia mtoto kupitia kondo la nyuma, na nyingi huvuka miezi mitatu ya mwisho, hasa wiki za mwisho kabisa. Aliyetimiza siku zake huzaliwa na kiwango sawa na cha mama, mara nyingi hata kumpita. Wa wiki 30 ni abiria aliyeondoka stendi mizigo yake bado inapakiwa. Hata ile chanjo ya pepopunda aliyochomwa mama kliniki, mtoto kaondoka na sehemu tu ya faida yake.

Halafu ile chupa. Ikikaa wazi zaidi ya saa 18, bakteria wa ukeni wana nafasi ya kupanda hadi alipo mtoto. Wakifika, kinga yake changa huamka kabla hajazaliwa, na uvimbe unaofuata unaweza kuumiza mapafu na ubongo wake. Homa hatuisubiri, kwa sababu kichanga mwenye maambukizi mara nyingi hapandi joto: hupoa, huacha kunyonya, hulegea. Ukiona hayo umeshachelewa.

Matatizo mengine ya mimba nayo yana njia zake za kudhoofisha kinga ya mtoto. Presha ya mimba huweza kupunguza nyutrofili za mtoto, chembe nyeupe zinazowahi kupambana na bakteria, ingawa kwa kawaida hurudi baada ya siku chache. Malaria, ambayo akina mama wa kule chini kwenye mashamba ya mpunga wanaijua kuliko wa migombani, hujificha ndani ya kondo na kupunguza kingamwili zinazopita. (Vidonge vya SP vya kliniki, vya kuzuia malaria, vimezeni palepale, msivifiche kwenye pochi. Tunawaona.)

Nikamwonyesha bibi bomba la sindano lisilo na ncha, ndani mna mililita moja ya dang'a, maziwa ya kwanza ya mama, njano kama kiini cha yai. Nesi alikuwa akiidondoshea shavuni mwa mtoto. Imejaa kingamwili za aina ya IgA, ambazo hazipiti kwenye kondo. Hizi zinabaki kulinda utumbo.

Bibi akaitazama muda mrefu. "Hii sisi tulikuwa tunaimwaga," akasema, kisha akaenda kumpa mwanawe mtori.