Dawa ipo, nauli haipo: kuishika mkono familia ya wakimbizi yenye mgonjwa

Watu wakisikia kuna familia ya wakimbizi inauguza mgonjwa mahututi, wazo la kwanza huwa ni kuchangisha pesa za hospitali. Si wazo baya, ila mara nyingi ndoo haivuji hapo. Dawa inaweza kuwepo, tena ya bure, na matibabu yakakatika kwa sababu ya nauli, kadi ya mgao, au karatasi iliyobaki kwenye begi la mtu aliyesafiri.

Kwa hiyo anza na hesabu ndogo. Chukua mgonjwa wa figo anayesafishwa damu kwa mashine. Kwa kawaida hutakiwa kwenda mara 3 kwa wiki, na kila mara hukaa kwenye mashine kama saa 4. Haendi peke yake, maana akishushwa huwa hoi. Watu 2, kwenda na kurudi, mara 3: hizo ni nauli 12 kwa wiki, nauli 48 kwa wiki 4. Bado hujahesabu chakula cha njiani, wala zile siku 3 ambazo anayemuuguza hakwenda kibaruani. Nyumba imepoteza riziki ya watu wawili, si ya mmoja. Na mashine hiyo haina tarehe ya mwisho isipokuwa apandikizwe figo. Kabla ya kulipia mwezi wa kwanza, uliza waziwazi nani atalipa wa nne. Kumwanzishia mtu matibabu ya maisha kwa mchango wa mara moja ni ukatili, hata kama ulitoa kwa moyo safi.

Swali hilo hilo ndilo linaloulizwa kwenye mfumo wa rufaa wa UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, yaani utaratibu wake wa kupeleka wagonjwa hospitali kubwa. Shirika hilo hutanguliza huduma za msingi, na kesi za gharama kubwa hupelekwa kwenye kamati inayotazama mambo mawili makuu: uwezekano wa kupona na bei. Dharura ya kuokoa maisha haitakiwi kusubiri kikao; nyingine husubiri, na nyingine hukataliwa. Ninapoona maombi yamekwama, kwanza nasoma barua ya daktari. "Ana ugonjwa wa moyo, anaomba msaada" haimpi mjumbe wa kamati chochote cha kuamulia. Barua inayosomeka hutaja ugonjwa kwa jina, vipimo vilivyouthibitisha na tarehe zake, tiba inayopendekezwa, itachukua muda gani, mgonjwa atakuwaje akiipata na atakuwaje akiikosa, pamoja na makadirio ya gharama kutoka hospitali itakayompokea. Mwombe daktari aandike hayo mgonjwa akiwa bado mbele yake. Piga picha kila karatasi, na nakala moja ikae kwa mtu asiyeishi nyumba hiyo.

Kadi ya mgao ndiyo hunikera zaidi, kwa kuwa tatizo lake huonekana mapema na bado huachwa litokee. Chakula au pesa za mgao hutolewa kwa mtu aliyeandikishwa, na penye mfumo wa alama za vidole hata kadi yenyewe haitoshi. Mama ndiye mkuu wa familia kwenye faili, mama amelazwa, siku ya mgao inapita, watoto wanarudi mikono mitupu. Dawa yake ni kuandikisha mpokeaji mbadala mapema, kabla mgonjwa hajalazwa. Awe mtu mzima anayeaminika na familia, na si yule atakayekuwa anamuuguza, maana huyo naye atakuwa wodini. Pale ambapo mkimbizi haruhusiwi kutoka kambini bila kibali, hakikisha kibali kinamtaja mgonjwa na anayemsindikiza, na kwamba tarehe zinafika siku ya kurudi kliniki. Kibali cha siku 7 kwa miadi ya siku ya 10 kitawasumbua njiani.

Njaa na dawa hukutana vibaya zaidi kwenye kisukari. Mgonjwa wa insulini amezoea dozi ileile, mgao unaisha siku chache kabla ya mwezi kuisha, naye anajidunga kama kawaida bila kula. Sukari inaporomoka: jasho la ghafla, kutetemeka, kuongea ovyo kama mlevi. Akiwa anaweza kumeza, mpe sukari iliyokorogwa kwenye maji mara moja, halafu chakula. Akiwa amezimia usimtie kitu mdomoni, mkimbize hospitali. Asiache insulini kwa kuogopa hali hiyo, kwani kuiacha nako kunaua. Kliniki iambiwe ukweli kwamba kuna siku nyumbani hakuliki, wampangie dozi kwa kujua hivyo. Wagonjwa wengi huficha jambo hili kwa aibu, nasi tunaouliza "unatumia dawa?" bila kuuliza "jana ulikula nini?" tunawasaidia kuficha.

Insulini ambayo haijafunguliwa huhifadhiwa kwenye nyuzi joto 2 hadi 8 na isigande. Ikiganda itupwe hata kama imeyeyuka ikarudi kuonekana nzima. Asiye na friji anaweza kuweka chungu kidogo ndani ya kikubwa, mchanga katikati, na kuumwagilia maji asubuhi na jioni, kisha kufunika kwa kitambaa kibichi. Kwenye hewa kavu joto hushuka vizuri ingawa si kama la friji. Kwenye hewa yenye unyevunyevu usikitegemee chungu. Afadhali kliniki itunze akiba na mgonjwa achukue chupa moja moja.

Kifua kikuu cha kawaida kina mtego mwingine. Tiba ni miezi 6, dawa 4 kwa miezi 2 ya mwanzo na dawa 2 kwa miezi 4 iliyobaki, lakini mgonjwa hupata nafuu mapema, akaona kibarua kina faida kuliko foleni. Mwambie pia mapema kwamba mkojo utageuka rangi ya chungwa. Asiyejua hudhani dawa inamtoa damu.

Mkalimani asiwe mtoto wa nyumba hiyo. Binti wa miaka 12 hawezi kumtafsiria mama yake habari za saratani ya kizazi, na akijaribu atapunguza maneno ili asimuumize.

Ukichangisha mtandaoni, usiweke sura, jina kamili, mahali wanapoishi wala jina la ugonjwa. Yule waliyemkimbia naye ana simu. Pesa zikipatikana, hospitali ilipwe moja kwa moja, lakini za chakula na nauli wapewe wenyewe mkononi, kidogo kidogo, bila kudaiwa risiti ya kila kitu.

Kuhusu kuhamishiwa nchi ya tatu, yaani nchi isiyo ya kwao wala ile waliyokimbilia, usiwape matumaini usiyoyamiliki. Mahitaji ya kitabibu ni mojawapo ya vigezo vya UNHCR, na daktari hujaza fomu maalumu ambayo hutumika kwa miezi 6 tu, ila wanaopata nafasi kwa mwaka hawafiki asilimia 1 ya wakimbizi wote, na uamuzi wa mwisho ni wa nchi inayopokea. Huduma hiyo hailipiwi. Anayedai pesa ili "asukume faili" ni tapeli.

Kama mgonjwa ni mzazi pekee na madaktari wamesema hatapona, mweleze ofisa wa ulinzi wa mtoto mapema, mzazi akiwa bado anaweza kusema mwenyewe nani awachukue watoto. Jina la mtu huyo liingizwe kwenye faili la familia, na vyeti vya kuzaliwa vitafutwe sasa. Mzazi akishafariki, jirani aliyewalea mwaka mzima anaweza kusimama kwenye dirisha la usajili akaambiwa hana uhusiano nao.