Tatizo Si Programu: Dhana Potofu za HDR Ninazozisikia Kila Wiki

Wiki iliyopita kijana mmoja anayepiga picha za nyumba za wageni pwani ya mashariki ya Unguja alinitumia faili moja ya JPEG. Chumba kizuri, kitanda cha kuchonga, chandarua kimefungwa kwa ustadi, na dirisha kubwa ambalo lilitakiwa lionyeshe bahari. Dirishani hamna kitu, weupe mtupu. Chini yake ameandika: "Mwalimu, Photoshop yangu ya zamani. Ninunue programu gani ya HDR ili bahari itoke?"

Swali hili nimeulizwa na wapiga picha wa harusi, na madalali wa nyumba, na mama mmoja mwenye vyumba vitatu vya kukodisha aliyekuwa tayari kukopa ili alipie programu. Naliandikia jibu sasa, maana kulirudia kwa mdomo kumenichosha. HDR ni njia ya kuunganisha picha za mwanga tofauti ili penye mwanga mkali na penye giza paonekane pote.

"Nikipata programu ya bei, HDR itatoka"

Hii ndiyo dhana inayoniuma kuliko zote, kwa sababu inawatoa watu pesa na bado haiwapi picha.

Nilifungua faili ya yule kijana nikaweka kipima rangi juu ya dirisha. Nyekundu 255, kijani 255, bluu 255. Nikasogeza kushoto: 255 zote tatu. Nikashuka mpaka karibu na fremu ya mbao: bado 255, hadi pale ubao ulipoanza. Kwenye JPEG ngazi za mwanga huanzia 0 na kuishia 255, juu ya hapo hakuna kitu. Kwa hiyo dirishani hamkujificha bahari yoyote. Kamera haikuiandika. Programu ya bure itasoma 255, na programu ya mamia ya dola itasoma 255 hiyohiyo. Ukishusha mwanga utapata kijivu badala ya weupe, basi.

Sasa angalia chumba chenyewe kilidai nini. Mchana wa jua kali, ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga) 100, tundu la lenzi f/8, nje panataka shata (muda wa kuingiza mwanga) ya takriban 1/400 ya sekunde. Ndani, chini ya paa la makuti, kwa mpangilio uleule, unahitaji kama nusu sekunde. Hiyo ni tofauti ya mara 200, karibu stopu nane (kila stopu ni mwanga mara mbili), na hapo sijahesabu kona ya chini ya kitanda wala mchanga mweupe unaoakisi jua. Huwezi kuibana tofauti hiyo kwenye JPEG moja iliyopimwa kwa ajili ya kitanda.

Dawa yake ni kupiga breketi, yaani picha kadhaa za mandhari ileile kwa mwanga tofauti: 1/400, 1/100, 1/25, 1/6, na ya mwisho zaidi kidogo ya nusu sekunde. Picha tano, kila moja imepishana na mwenzake kwa stopu mbili. Unabadilisha spidi ya shata peke yake. Ukigusa tundu la lenzi, kina cha fokasi (eneo linaloonekana wazi) kinabadilika na picha hazitaoana. Kamera kwenye stendi, fokasi imefungwa, faili ziwe RAW, yaani data ghafi ya kamera kabla haijageuzwa JPEG. Wenye Nikon D3300, D3400 au D3500, ambazo wanafunzi wangu wengi wanaanzia nazo, kamera hizo hazina breketi ya otomatiki, basi zungusha gurudumu la shata kwa mkono, polepole, bila kuitikisa stendi. Inachukua nusu dakika.

Na tafadhali, zima pangaboi. Likizunguka wakati wa picha tano, kila picha ina panga mahali pake, na programu itakuletea vivuli vya ajabu juu ya kitanda. Chandarua kinachopepea ni vivyo hivyo. Minazi ya nje huwezi kuizima, lakini ndani ya chumba unaweza kusimamisha kila kitu.

Ukifika na picha tano za namna hiyo, programu imebakiwa na kazi mbili tu. Ya kwanza ni kuziunganisha ziwe faili moja yenye mwanga wote. Ya pili ni kuubana mwanga huo uweze kuonekana kwenye skrini ya kawaida au kwenye karatasi. Kazi hizi hazina siri ya kiwandani. Paul Debevec na Jitendra Malik walichapisha mwaka 1997 njia ya kupata mwanga halisi wa mandhari kutoka picha za eksposha (kiasi cha mwanga) tofauti. Mwaka 2007 Mertens, Kautz na Van Reeth wakachapisha njia nyingine, ya kuchagua sehemu nzuri za kila picha na kuzichanganya moja kwa moja. Hesabu ziko hadharani, mtu yeyote anayejua kuandika programu anaweza kuzitumia, na wengi wamezitumia na kutugawia bure. Kabla ya kompyuta kuwapo, miaka ya 1850, Mfaransa Gustave Le Gray alikuwa akichapa picha moja kutoka negativu mbili, moja ya bahari na moja ya anga, kwa sababu hizihizi: hakuweza kupata vyote kwa eksposha moja. Alichokuwa nacho ni negativu mbili nzuri. Wewe uliyetuma JPEG moja huna hata hizo mbili.

Basi utumie nini?

Mimi kwa kazi za vyumba naanza na HDRMerge. Ni bure na ni ndogo. Unaipa faili zako za RAW, inakutolea DNG (aina ya faili ya RAW) moja yenye mwanga wote, ambayo bado unaihariri kama RAW ya kawaida. Jaribu kwanza na faili za kamera yako uone kama inazisoma. Hiyo DNG naifungua kwenye RawTherapee, nayo bure, na huko ndiko ninakofanya kazi ya kweli: mizani ya weupe (kurekebisha rangi ya mwanga), vivuli, mwanga wa dirisha. Ndani kuna taa ya manjano na nje kuna jua, kwa hiyo rangi ya kuta ndiyo itakayokula muda wako kuliko HDR yenyewe.

Anayependa kitu kimoja kinachofanya yote achukue darktable. Inaunganisha na kuhariri humohumo, lakini haipangi picha zilizosogea, kwa hiyo bila stendi usihangaike nayo.

Umepiga ukishika kamera mkononi? Nenda Hugin. Watu wanaijua kwa panorama tu, kumbe ndani yake mna kifaa cha kupanga picha zilizosogea na Enfuse, ambayo inafuata ile njia ya 2007. Matokeo yake yametulia, hayana makelele ya rangi, na kwa picha za nyumba nayapenda kuliko ya programu nyingi za kulipia. Kazi yake ya ziada ni kwamba RAW hugeuzwa kwanza kuwa TIFF, aina nyingine ya faili ya picha. Luminance HDR nayo ni bure, ina njia nyingi za kubana mwanga, na wingi huo ndio unaowapoteza wanaoanza: wanabofya ile inayotia picha vurugu, wanaiacha hivyohivyo. Ukiitumia, anza na njia iitwayo Mantiuk na uende taratibu.

Affinity, programu ya kuhariri picha, iliuzwa kwa malipo ya mara moja kwa miaka mingi. Kampuni ya Serif ya Uingereza iliyoitengeneza ilinunuliwa na Canva mwaka 2024, na tangu Oktoba 2025 programu hiyo inatolewa bure kwa mwenye akaunti ya Canva. Mwenye Windows au Mac asiyependa programu za mafundi aanzie hapo.

Kulipa kunaanza kuwa na maana pale unapokuwa na kazi nyingi kwa wiki na muda ndio unaokugharimu. Photomatix unainunua mara moja, na toleo lake la majaribio halina kikomo cha muda, linapiga tu chapa juu ya picha. Kwa hiyo ijaribu na picha zako mwenyewe kabla hujatoa hata shilingi. Ninachoilipia ni namna inavyokuruhusu kuchora mwenyewe pale palipotikisika na kuchagua picha ya kutumia hapo. Kwenye minazi ya dirishani hilo linasaidia sana. Lightroom ina kuunganisha HDR tangu 2015 na inafanya vizuri, sikatai, ila ni malipo ya kila mwezi. Piga hesabu ya miaka mitatu, uiweke kando ya bei ya stendi imara. Kama stendi huna, nunua stendi.

"Si lazima ninunue, nina ya kukraki"

Hapa siwezi kuzunguka. Mwanafunzi wangu mmoja aliweka Photoshop ya kukraki aliyopewa kwenye flashi, na kabla ya kuiweka akaambiwa azime kinga ya virusi. Akaizima. Siku chache baadaye folda za harusi mbili zilikuwa na faili ambazo hazifunguki, na kwenye kila folda kuna barua ya kudai pesa. Maharusi wale hawana picha mpaka leo. Mtu anahatarisha kazi ya wateja kwa ajili ya jambo ambalo HDRMerge inalifanya bure na kwa halali. Sioni mantiki yake.

"Natoa picha tatu kutoka RAW moja, inakuwa HDR"

Haiwi. Ukichukua RAW moja ukaishusha, ukaipandisha, kisha ukaziunganisha hizo tatu, umezungusha data ileile. Kelele (chembechembe) iliyokuwa kwenye vivuli bado ipo, na dirisha lililoungua, yaani lililobaki weupe mtupu, bado limeungua. Kama RAW moja ina kila kitu, ihariri hiyo moja.

Na mara nyingi ina kila kitu. Sensa (vipokea mwanga vya kamera) nzuri za sasa, kwa ISO ya chini, zinabeba stopu 12 hadi 14 kwenye RAW. Picha ya mlango wa Mji Mkongwe kwenye kivuli cha kichochoro haihitaji breketi hata kidogo. Angalia histogramu, ile grafu ya mwanga kwenye kamera: ikiwa haijagonga ukuta wa kulia na vivuli vinavumilia kupandishwa, piga moja uende zako. Sielewi wanaopiga picha saba za kila kitu, kisha wanalalamika kwamba laptopu ni nzito.

"HDR ni zile picha za mawingu meusi na rangi kali"

Hilo ni kosa la mkono uliobana mwanga kupita kiasi. Ukiona mpaka mweupe umezunguka kichwa cha mnazi au ukingo wa paa, umepitiliza. Mgeni anayetazama chumba hatakiwi kujua kwamba picha zilikuwa tano. Mimi nikimaliza naacha picha, nanywa chai, narudi kupunguza. Karibu kila mara napunguza.

"Simu yangu ina HDR, na Snapseed inayo"

Ni vitu viwili tofauti. Simu nyingi za sasa kweli zinapiga picha kadhaa kwa haraka na kuziunganisha zenyewe, na kwa tangazo la mtandaoni zinatosha. Ile HDR Scape ya Snapseed, programu ya simu ya kuhariri picha, ni kichujio kinachowekwa juu ya picha moja. Inakaza mistari na rangi, wala haiongezi mwanga ambao haukupigwa. Kuna na HDR ya tatu, ya skrini na televisheni, inayohusu jinsi picha inavyong'aa ukiitazama. Muuzaji wa monita akikwambia monita ya HDR itakutengenezea picha za HDR, mwache.

"Siku hizi akili bandia inaijaza bahari yenyewe"

Inaweza. Itachora bahari, ila siyo ile ya dirisha lile. Pwani ya mashariki ya Unguja maji yakitoka yanakwenda mbali sana, unabaki na mchanga, mashamba ya mwani na akina mama wanaolima. Mgeni aliyelipia bahari ya buluu iliyogusa ukuta wa chumba akifika akakuta hivyo, atamlaumu mwenye nyumba, na atakuwa na haki. Kwa picha za biashara ya vyumba mimi sijazi dirisha kwa kitu ambacho hakikuwapo, na nisingependa yeyote niliyemfundisha afanye hivyo.

Yule kijana nilimwambia afunge programu zote afungue jedwali la maji. Siku za bamvua, saa nne na saa tano asubuhi, saa ambazo alikuwa amezoea kupiga, bahari iko mbali. Inajaa kwenye saa kumi alasiri, na kwa bahati nzuri saa hiyo jua limeshapita nyuma ya nyumba, linaipiga bahari usoni, kwa hiyo buluu inatoka vizuri kuliko asubuhi. Amerudi na stendi ya kuazima, pangaboi limezimwa, picha tano za RAW. Jana usiku tumeziunganisha kwa HDRMerge kwenye laptopu yake ileile ya zamani. Dirishani kuna maji, kuna ngalawa moja, na ukingo wa fremu ya mbao unaonekana hadi mikwaruzo yake. Sasa ananiuliza kwa nini ukuta umekuwa wa manjano, na hilo ni swali zuri zaidi.